Moïse Tshombe: kura ya wenyeji iliyofikisha Katanga kwenye utengano

Moïse Tshombe alizaliwa tarehe 10 Novemba 1919 huko Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Babake alikuwa mfanyabiashara tajiri. Mwana alijaribu biashara pia akafilisika. Siasa ndiyo iliyompa jina.

Yote yalianzia kwenye sanduku la kura. Desemba 1957, wakaaji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, walichagua viongozi wa komini kwa mara ya kwanza. Viti vya burugumesta katika komini za weusi viliangukia watu wenye asili ya nje ya Katanga, hasa wa Kasaï, ambao familia zao zilikuja kufanya kazi Union Minière na kwenye reli. Wenyeji waliona wameshindwa nyumbani mwao.

Uchungu huo ulizaa CONAKAT, Oktoba 1958. Godefroid Munongo aliiongoza kwanza, kisha Tshombe. Chama kilidai Katanga itawaliwe na Wakatanga wa asili. Walowezi wa Kizungu walikiunga mkono, maana nao hawakutaka pesa ya shaba iende Léopoldville.

Lakini Mkatanga wa asili ni nani? Baluba wa kaskazini ni wenyeji wa jimbo, ila lugha na ukoo viliwaunganisha na ndugu zao wa Kasaï. Novemba 1959, Jason Sendwe aliiondoa Balubakat ndani ya CONAKAT, akaungana na chama cha Wakasaï na kile cha Watchokwe.

Katika uchaguzi wa Mei 1960, kusini ilimpa kura Tshombe, kaskazini ikampa Sendwe. CONAKAT ilipata viti 25 kati ya 60 vya Bunge la jimbo, na wapinzani wake vichache tu chini ya hapo. Wabunge wa Balubakat walisusia vikao ili serikali ya jimbo isiundwe. Brussels ikabadilisha sheria, Tshombe akawa rais wa jimbo bila wao.

Tarehe 11 Julai 1960 akatangaza uhuru wa Katanga. Kaskazini iliasi, vijiji vikachomwa. Mwaka 1961, makumi ya maelfu ya Baluba wa Élisabethville walikimbilia kambi iliyolindwa na Umoja wa Mataifa, kisha wengi wakarudishwa Kasaï, mahali ambapo baadhi yao hawakuwahi kuishi.

Utengano ulimalizika Januari 1963. Tshombe alikwenda uhamishoni, akarudi mwaka 1964 kuwa Waziri Mkuu, akafukuzwa Oktoba 1965. Juni 1967 ndege yake ilitekwa na kupelekwa Algeria. Alifia kizuizini huko tarehe 29 Juni 1969.

Tangu 2015 Katanga imegawanywa majimbo manne. Hata hivyo, kila kampeni inapofunguliwa Lubumbashi au Kolwezi, swali la mwenyeji na mgeni linarudi. Mwaka 1957 liliulizwa juu ya viti vya komini tu, na miaka mitatu baadaye majirani walikuwa wakiuana.