Mwenda Jean-Bosco na zawadi ya mwaka wa 1952

Kila mara zawadi za muziki zinapotangazwa, mabishano yanaanza kwenye barza na ndani ya mabasi ya Lubumbashi: huyu alishinda juu ya kipaji, juu ya kujulikana, ao juu ya rangi ya ngozi? Mabishano hayo si ya leo. Mtoto wa Katanga aliyapitia mbele ya inchi kupata uhuru.

Mwenda Jean-Bosco alizaliwa mwaka wa 1930 huko Bunkeya, mji wa mwami Msiri na Wayeke. Ndiyo sababu baadaye alijulikana pia kama Mwenda wa Bayeke. Gitare aliipiga kwa vidole viwili tu: kidole gumba kinashika sauti ya chini, cha shahada kinatembeza ile ya juu. Anayesikia bila kuona anazani ni watu wawili. Alichota pande zote: nyimbo za kwao, diski za Cuba zilizoingia Kongo tangu miaka ya 1930, hata sinema za cowboy.

Mwaka wa 1952, Hugh Tracey, mzungu aliyekaa Afrika Kusini na aliyezunguka akirekodi muziki wa Waafrika, alifika Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Inasimuliwa kwamba alimkuta Bosco akitembea barabarani na gitare yake. Akamrekodi. Wimbo mmoja, Masanga, ukapata zawadi ya Osborn, kama muziki bora wa Afrika wa mwaka ule.

Hapo ndipo penye mambo. Zawadi ilitoka kwa African Music Society, chama cha huko Afrika Kusini. Tracey mwenyewe alikuwa katibu wake, na kampuni ya diski ya Gallo ndiyo iliyosaidia kazi yake. Aliyemrekodi, aliyeuza diski na aliyetoa zawadi, wote walikaa upande mmoja wa meza, na upande ule ulikuwa wa wazungu, ndani ya inchi iliyoshika siasa ya apartheid tangu 1948. Huku kwetu nako hakukuwa afazali: Elisabethville ilikuwa na mji wa wazungu na cité ya weusi, na usiku mweusi hakutembea ovyo katika mji ule.

Kwa hiyo ni kweli, rangi iliamua nani akae kwenye kiti cha kuhukumu. Lakini kusema iliamua pia mshindi ni kumzulumu Bosco. Tracey alipenda muziki wa asili, na aliogopa vitu vya kigeni visije kuuharibu. Mtu wa namna hiyo akainamia gitare ya kiwandani, iliyochanganywa na Cuba! Kilichomshinda ni vidole. Miaka kama kumi baadaye mtaalamu David Rycroft aliandika upigaji wa Bosco kwa nota, kama wanavyofanyiwa mabwana wakubwa wa Ulaya.

Raia nao walikuwa na hukumu yao, na hawakuuliza Osborn ni nani. Diski zake zilivuka mipaka, na mwisho wa miaka ya 1950 Bosco alikaa Nairobi kwa muda, akisikika katika radio. Vijana wengi wa Kenya walijifunza gitare kwa kumwiga. Kiswahili chake kilimfungulia milango huko.

Ndani ya Kongo yenyewe hadisi ni nyingine. Studio kubwa zilikuwa Léopoldville, rumba ya Lingala ikaenea inchi nzima, na gitare kavu ya Katanga ikasukumwa pembeni. Hapo ngozi haikuwa neno kubwa. Wanamuziki walikuwa weusi kwa weusi. Ukiwa mbali na studio, kipaji kinachelewa kufika.

Mwaka wa 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Hata hivyo muziki peke yake haukumlisha. Alifanya kazi za biro, na baadaye akawa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Mwaka wa 1988 alirekodi Cape Town, katika inchi ile ile iliyompa zawadi akiwa kijana wa miaka 22, na apartheid ilikuwa ingali pale. Mwezi wa Septemba 1990 akafariki katika ajali ya gari.