Maisha ya Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe

Wasomaji wa gazeti letu wamekwisha kuletewa humu habari za wafalme, za majemadari na za wavumbuzi wa mashine. Muhula huu napenda kuwaeleza habari za mtu ambaye hakuwa na jeshi wala mashine, bali kalamu tu, na ambaye kitabu chake kilikaa miaka 35 kikingoja kupigwa chapa.

Jina lake nililiona mara ya kwanza katika duka dogo la vitabu karibu na stendi ya mabasi ya kwetu, kandokando ya Ziwa. Duka lile huuza zaidi madaftari na kalamu, lakini mwenyewe ni mzee apendaye kusoma, naye ametenga rafu moja kwa ajili ya waandishi waliozaliwa pande zetu za Ziwa. Hapo ndipo nilipokiona kitabu kinene chenye juzuu mbili. Mzee alinieleza kwamba hakinunuliwi upesi, ila hatakiondoa rafuni. Sikuwa na fedha za kutosha. Basi akaniruhusu niketi juu ya kreti la soda nikisome, nami nikafanya hivyo likizo nzima.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyomo katika Ziwa Viktoria. Alikuwa wa ukoo wa Wasilanga, yaani ukoo wa Abakama waliotawala kisiwa kile. Hivyo tangu utoto wake aliishi karibu na watu wazima wenye kujua mila, hadithi na habari za kale, na yeye alikuwa mtoto wa kusikiliza. Wakati huo Wajerumani walikuwa ndio watawala wa nchi, na mapadre wa White Fathers walikuwa wamekwisha kufungua misheni Kagunguli, hukohuko kisiwani. Aniceti alisoma kwao. Walipoona akili yake ni nyepesi wakampeleka ng'ambo ya Ziwa, kwenye seminari ya Rubya katika nchi ya Wahaya.

Huko Rubya alikaa miaka mingi akijifunza Kilatini, Kijerumani na elimu nyingine za mapadre. Sisi tunaolalamika kwa kusoma Kiingereza na Kiswahili tu, na tumfikirie kijana yule wa kisiwani akihangaika na sarufi ya Kilatini! Lakini upadre haukuwa njia yake. Akaondoka seminari, na mwaka 1919 akamwoa Anna Katura.

Hapa pana jambo ambalo lazima nilieleze, maana bila hilo mtu hawezi kukifahamu kitabu chake. Bwana Aniceti na Bibi Anna hawakujaliwa kubaki na mtoto wa kuwarithi. Katika nchi yetu sote twajua maana yake. Ndugu huanza kunong'ona, na mume hushauriwa amfukuze mke au aoe wa pili. Aniceti hakufanya hivyo. Alikaa na mkewe miaka yote, katika taabu na katika raha.

Kwa muda alikuwa karani wa wafanyabiashara Waitaliano huko Mwanza. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, kazi ile ikaisha, kwa sababu Waitaliano walihesabiwa kuwa maadui wa Waingereza. Akarudi nyumbani Ukerewe akafanya kazi za misheni, hasa ya kutafsiri. Na katika kazi hiyo ndipo alipoona hatari. Wazee waliojua mambo ya zamani walikuwa wakifa mmoja mmoja. Vijana waliosoma walikwenda mijini, na Kikerewe chenyewe kilisemwa na watu wachache, kisiwani na kando yake tu. Akajiuliza ni nani atakayewaeleza watoto wa kesho jinsi babu zao walivyolima, walivyovua, walivyoposa na walivyozikana.

Padre mmoja Mkanada, Almas Simard, aliyekuwa rafiki yake, alimtia moyo aandike mambo hayo. Aniceti hakuandika orodha ya mila kama walivyofanya wataalamu wa Kizungu. Aliandika hadithi, tena kwa Kikerewe, lugha ya mama yake. Akaimaliza mwaka 1945.

Hadithi yenyewe ni ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Hawana mtoto. Wakwe wanachoshwa na maneno ya ndugu za mume, wanamchukua binti yao nyumbani kwao. Myombekere anabaki peke yake katika mji wake, mwanamume asiye na wa kumpikia wala wa kuzungumza naye jioni. Haoi mwingine. Anakwenda kuwabembeleza wakwe, anatozwa pombe ya ndizi, anahangaika mpaka anaipata, na mke anarudi. Kisha wanamtafuta mganga, na baada ya dawa na subira nyingi anazaliwa mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na baadaye wa kike, Bulihwali. Msomaji atakayekumbuka habari ya Bwana Aniceti na Bibi Anna atatambua mara moja mwandishi alikuwa akifikiri nini alipokuwa akiandika. Katika kitabu aliwapa wale wawili kile ambacho nyumba yake mwenyewe ilikikosa.

Sitaki kuwadanganya wenzangu. Kitabu ni kirefu, zaidi ya kurasa 600, na mwanzo wake huenda polepole sana. Mgeni akifika, huamkiwa, huketishwa, huulizwa habari za njiani, hupewa chakula, husindikizwa, na yote yameandikwa. Siku ya tatu juu ya kreti lile nilikaribia kukiacha. Ndipo nilipofahamu kwamba mwandishi hakuwa na haraka kwa sababu alikuwa akihifadhi. Alijua kwamba jambo atakaloliruka huenda lisiandikwe tena na mtu mwingine.

Basi mswada ulikuwapo, lakini nani atauchapisha? Kila aliyeulizwa alisema wasomaji wa Kikerewe ni wachache mno, hasara itakuwa kubwa. Padre Simard akaanza kuutafsiri kwa Kifaransa ili upate njia ya kutokea Ulaya, akafariki kabla kazi haijafika mwisho wake. Mswada ukakaa. Waingereza wakaondoka, Uhuru ukaja mwaka 1961, na mswada ukakaa tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe Wamarekani wawili, mtu na mkewe, Gerald na Charlotte Hartwig, kuchunguza historia ya Wakerewe. Walipoonyeshwa kazi ile walistaajabu. Wakamshauri aigeuze kwa Kiswahili, maana Kiswahili kinasomwa nchi nzima. Wakati huo Mzee Aniceti alikuwa amepita miaka 70. Fikirini: mzee wa umri ule anaketi na karatasi mpya, anaanza tena ukurasa wa kwanza, na kuendelea mpaka mwisho, kitabu kizima kwa mkono wake mwenyewe. Kiswahili chake si kile cha Unguja wala cha Mombasa, kina harufu ya bara. Mimi binafsi nilikipenda kwa hiyo harufu.

Hata baada ya kazi hiyo alingoja tena zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1980 ndipo Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilipokitoa katika juzuu mbili, kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Lakini vitabu vilichelewa kufika. Mzee Aniceti Kitereza alifariki mwaka 1981, naye hakuwahi kushika nakala ya kitabu chake mkononi.

Baadaye kitabu kilitafsiriwa kwa Kijerumani na kwa Kifaransa. Mwaka 2002 kilitoka kwa Kiingereza, kazi ya Gabriel Ruhumbika, naye ni mwandishi na mzaliwa wa Ukerewe, ambaye alikitafsiri kutoka kwenye Kikerewe chenyewe.

Likizo iliyopita nilirudi dukani nikiwa na fedha nilizoweka akiba, nikanunua juzuu zote mbili. Mzee mwenye duka alinipunguzia bei kidogo, kisha akasema ataagiza nyingine ili rafu isibaki wazi. Zangu nimeziweka katika maktaba ya shule, upande wa hadithi. Aliyeichukua juzuu ya pili kabla ya mitihani ya nusu muhula anaombwa airudishe, maana kuna wenzetu wawili wa Kidato cha Pili waliokwisha maliza ya kwanza na wanangoja kujua kama Bugonoka atapata mtoto. Nasikitika kwamba nimekwisha kuwaambia.