Kutoka Nyara Hadi Zawadi: Maisha ya Émile Storms, Bwana Boma

Katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, imehifadhiwa sanamu ya mti ya mwanamume aliyesimama, kazi ya mafundi wa Kitabwa. Wapenzi wa sanaa ya Afrika wanaijua vizuri, kwa maana imechapishwa katika vitabu vingi. Iliingia humo katika miaka ya 1930 kama zawadi. Sisi tunaosoma lugha tumezoea kuuliza neno limetoka wapi na linaficha nini. Tukiliuliza neno hilo zawadi, litatupeleka hadi kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, katika maisha ya mwanajeshi mmoja Mbelgiji.

Émile Storms alizaliwa mwaka wa 1846 huko Wetteren, Ubelgiji. Aliingia jeshini, na alipokuwa luteni alijiunga na Shirika la Kimataifa la Afrika, lile ambalo Mfalme Léopold II alikuwa ameliunda mwaka wa 1876. Mbele ya watu shirika hilo lilitangaza sayansi na vita dhidi ya biashara ya watumwa. Mwaka wa 1882 Storms alifika Zanzibar, akafuata njia ya misafara hadi Karema, upande wa mashariki wa ziwa, katika Tanzania ya leo. Mwaka uliofuata alivuka ziwa, na mwezi wa Mei 1883 akaanzisha kituo cha Mpala, kati ya Kalemie na Moba za leo. Kituo kilichukua jina la mwenyeji, chifu Mpala, ambaye Storms alichanjiana naye wakawa ndugu wa damu.

Hapo alijenga ngome, na watu wakampa jina la Bwana Boma. Jina hilo lilimfaa. Aliyekuja kama msafiri wa sayansi alianza kuamua mashauri, kukusanya watu wenye bunduki na kutaka machifu wa jirani wamtii. Kwa muda mfupi akawa mtawala kati ya watawala wengine wa nchi hiyo.

Mmoja wao hakukubali kuinama. Huyo ni Lusinga, chifu wa Kitabwa aliyekaa milimani. Tusimfanye malaika: Lusinga mwenyewe alipata nguvu kwa bunduki na kwa kuteka watu wa vijiji vingine na kuwauza. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alipita kwake mwaka wa 1879, akamkuta tayari ni mtu wa kuogopwa. Basi vita vyao vilikuwa vya wakubwa wawili waliogombea nchi moja, na kila mmoja alikuwa na askari wake.

Mwezi wa Desemba 1884 Storms alituma watu wake. Yeye mwenyewe alibaki kwenye boma. Walifika kijijini kwa Lusinga kama wageni wenye nia njema, wakacheza ngoma mbele yake, kisha wakampiga risasi. Wengi waliuawa, wengine wakakamatwa, kijiji kikateketezwa. Kichwa cha chifu kilikatwa kikapelekwa Mpala. Pamoja nacho ilipelekwa sanamu ya mti, sura ya mhenga wa ukoo, ambayo chifu aliitunza kama ushahidi wa haki yake ya kutawala. Aliyeitwaa sanamu hiyo aliutwaa pia uchifu wenyewe, na Storms alilijua hilo.

Utawala wake haukudumu. Baada ya Mkutano wa Berlin, Léopold aligeuza macho upande wa magharibi, kwenye mdomo wa mto Kongo. Mwaka wa 1885 vituo vya ziwani vilikabidhiwa Mapadri Weupe, na Storms akarudi kwao. Katika mizigo yake mlikuwa na sanamu, silaha na mafuvu matatu ya vichwa vya machifu, la Lusinga likiwa mojawapo. Mwaka wa 1886 daktari Émile Houzé aliyapima mafuvu hayo na kuyaeleza mbele ya wataalamu wa Brussels, kama mtu anayeeleza mawe au wadudu. Storms aliendelea na jeshi, akawashauri Wabelgiji waliotuma misafara ya kupinga utumwa, akapanda hadi cheo cha jenerali. Nyumbani kwake Ixelles, sanamu ya Lusinga ilisimama sebuleni katikati ya mikuki na silaha nyingine. Alifariki mwaka wa 1918.

Mjane wake ndiye aliyeukabidhi mkusanyo huo kwa jumba la Tervuren. Baadaye mafuvu yalihamishiwa katika taasisi ya sayansi za viumbe huko Brussels. Kwa mjane, vilikuwa vitu vya kumkumbuka mume. Kwa jumba, vilikuwa zawadi ya raia mwema. Hakuna aliyesema uongo. Hata hivyo kitu kilekile kilikuwa kimebadilishwa jina mara tatu: huko milimani kilikuwa mhenga, Mpala kikawa nyara, Ixelles kikawa pambo la sebule. Jina la nne, zawadi, ndilo lililoandikwa.

Sarufi inatusaidia kuona kilichotokea. Kauli ya kutendwa inaturuhusu kusema kwamba sanamu ilipokewa, bila kumtaja aliyeinyang'anya wala aliyenyang'anywa. Neno zawadi hufanya kazi hiyohiyo: linawabakiza mtoaji na mpokeaji, na kumfuta mtu wa tatu. Wahenga wetu walisema mpewa hapokonyeki. Ni kweli, lakini methali hiyo inamlinda aliyepewa na mwenye mali. Lusinga hakumpa mtu kitu. Kwa hiyo anayepokea ukumbusho wa vita, awe mkusanyaji mmoja au jumba la taifa, hapokei kitu peke yake. Anapokea na deni lililofungwa ndani yake, hata kama aliyempa anatabasamu na ana haki zote za karatasi.

Mwezi wa Juni 2022 sanamu ya Storms iliondolewa kwenye uwanja wa Square de Meeûs, Brussels. Ilikuwa rahisi kuiondoa kuliko kujibu swali la mafuvu na la sanamu ya Tervuren. Swali hilo ni la wanasheria na la wanahistoria, lakini linaanzia kwetu, wenye kazi ya maneno. Kabla ya kudai kitu kirudishwe, tukiite kwa jina lake: nyara.