Mtakatifu Ludoviko na Taji la Miiba

Ludoviko alizaliwa Poissy, katika nchi ya Ufaransa, mwaka 1214. Alikuwa na miaka 12 tu baba yake alipokufa, akatiwa taji la ufalme. Mama yake, Blanche, alimlea katika kumcha Mungu.

Alipokwisha kuwa mtu mzima, alijiwa na Baldwin, kaisari wa Konstantinopoli, aliyeomba msaada. Mji huo ulikuwa mikononi mwa Walatini tangu mwaka 1204, walipouteka na kuyanyang'anya makanisa yake, tendo la aibu kati ya Wakristu. Humo lilihifadhiwa taji la miiba lililoheshimiwa kama lile alilovikwa Bwana wetu Yezu Kristu. Masalio matakatifu hayauzwi, Eklezia yakataza. Kwa hiyo Baldwin alimpa Ludoviko taji lile kuwa zawadi.

Mwaka 1238 mfalme akatuma watawa wawili wa Mtakatifu Dominiko, Yakobo na Andrea. Walipofika, ole! Wakubwa wa mji, kwa ufukara wao, walikuwa wameliweka rehani kwa tajiri mmoja wa Venezia kwa vipande vya dhahabu 13,134. Deni lisipolipwa kwa siku iliyowekwa, taji litakuwa mali ya Venezia. Likapelekwa huko kwa merikebu. Andrea akabaki kulilinda, Yakobo akaenda upesi kwa mfalme. Ludoviko akalipa deni lote.

Mwezi wa Agosti 1239 alitoka na mama yake na ndugu zake kulilaki taji, karibu na mji wa Sens. Wakafungua sanduku la mti. Ndani yake mlikuwa na la fedha, na ndani ya hilo chombo cha dhahabu. Wengi walilia machozi. Kesho yake mfalme akavua viatu na mavazi ya kifalme, akabaki na kanzu tu. Yeye na ndugu yake Robert wakalichukua mabegani mpaka ndani ya Sens. Hawakuabudu miiba, maana Mungu peke yake huabudiwa. Walimheshimu Yeye aliyeteswa.

Huko Paris Ludoviko alijenga kanisa zuri la kuyaweka masalio, likabarikiwa mwaka 1248. Alikufa karibu na Tunis mwaka 1270, na Papa Bonifasi VIII akamtangaza Mtakatifu mwaka 1297.

Miiba yenyewe iligawanywa zamani kwa makanisa mengi. Limebaki duara la majani makavu yaliyosokotwa. Kanisa kuu la Notre-Dame la Paris lilipoungua mwaka 2019, duara hilo lilitolewa salama usiku uleule.