Carl Akeley, muwindaji aliyezikwa kati ya Mikeno na Karisimbi

Katika familia nyingi za Mabalako kuko mutu mumoja anayeshuka ndani ya shimo, na kuko mwingine anayejua njia za pori. Mara mingi ni mutu yule yule. Leo tunapenda kusimulia maisha ya muwindaji mumoja aliyekufa karibu miaka mia moja iliyopita, hapa katika jimbo letu la Kivu ya Kaskazini. Alitengeneza mashine ambayo wachimbaji wa inchi nyingi wanaitumia mupaka leo. Tena ni yeye aliyesukuma sana ili ile Parke tunayoiita Virunga izaliwe. Jina lake ni Carl Akeley.

Alizaliwa tarehe 19 mwezi wa tano 1864, katika shamba pale Clarendon, jimbo la New York, Marekani. Wazazi wake walikuwa walimaji, na shule aliisoma kidogo tu. Akiwa kijana alipenda kazi moja isiyo ya kawaida: kuchukua nyama aliyekufa na kumurudishia sura yake kama vile angali muzima. Zamani wafundi walikuwa wanajaza majani makavu ndani ya ngozi, kama mutu anayejaza gunia la makala. Akeley hakuridhika na ile namna. Alipima mifupa, alitazama misuli, alitengeneza sanamu ya udongo, kisha njo anavalisha ngozi juu. Mwaka 1885, tembo Jumbo aliyejulikana sana katika sarakasi ya Barnum aligongwa na treni kule Kanada. Akeley alikuwa na miaka 21, na alikuwa kati ya wale waliomutengeneza.

Lakini ile kazi ilikuwa na deni lake. Ili nyama asimame ndani ya nyumba ya makumbusho, lazima kwanza auawe.

Akeley aliua, na yeye pia alikaribia kuuawa. Mwaka 1896 alifika Afrika mara ya kwanza, kule Somalia. Chui aliyejeruhiwa kwa risasi alimurukia, bunduki ikamutoka mukononi. Akeley alimusukumia chui mukono wake ndani ya mudomo, akamukaba shingo kwa ule mwingine, akamukandamiza kwa magoti mupaka akakata pumzi. Mwaka 1909, kule Kenya, aliwinda tembo pamoja na Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika kiti cha rais wa Marekani. Roosevelt pia alikuwa mutu wa mambo mawili: alipenda bunduki, na akiwa rais alitenga misitu mikubwa ya inchi yake ili isikatwe ovyo.

Mwaka uliofuata, kwenye mulima Kenya, tembo dume alimufikia Akeley mbele hajafyatua. Alishika pembe zake mbili, moja kwa kila mukono, akajitupa katikati yao. Tembo alimukandamiza chini, lakini pembe ziligonga kitu kigumu ndani ya udongo, na ile njo ilimuokoa. Uso ulipasuka, mbavu zilivunjika. Wapagazi walifikiri amekwisha kufa. Muke wake Delia alipanda mulima kumutafuta, akamukuta angali anapumua.

Hapa tusimame kidogo, sababu wachimbaji wanaosoma ukurasa huu watapenda kujua ile habari ya mashine. Karibu mwaka 1907, kuta za nyumba ya makumbusho ya Chicago, alipokuwa anafanya kazi, zilikuwa zinabanduka. Akeley alitengeneza chombo kinachosukuma muchanga na simenti kavu kwa nguvu ya hewa ndani ya mupira murefu. Kwenye ncha ya mupira maji yanaingia, na ule uji unarushwa juu ya ukuta, unashika na kukauka pale pale. Haikupita muda, wafundi wa migodi na wa barabara za chini ya udongo wakaona faida yake: ukuta wa mwamba unaopakwa hivyo hauangushi mawe ovyo juu ya vichwa vya watu. Huku kwetu tunasimamisha miti ndani ya shimo na kumuomba Mungu. Katika migodi mikubwa ya dunia wanarusha simenti, na ile kazi ilianzia kwa mutu aliyekuwa anatengeneza sanamu za nyama. Wakati wa vita ya 1914-1918, serikali ya Marekani ilimuita atumikie inchi yake kama fundi, naye akafanya kazi juu ya taa kubwa za jeshi na juu ya simenti.

Sasa tufike kwetu. Mwaka 1921, akiwa na miaka 57, Akeley alipanda milima ya Virunga kutafuta gorila, wale tunaowaita ngagi, kwa ajili ya makumbusho ya New York. Wazungu wa wakati ule walikuwa wanasimuliana kwamba ngagi ni kama shetani wa pori, anashambulia kila mutu. Akeley alikuta kitu kingine. Alikuta familia: baba anayelinda, mama anayebeba, watoto wanaocheza. Kundi lake liliua watano. Baadaye aliandika kwamba mbele ya ile maiti alijisikia kuwa ni yeye ndiye muuaji. Katika safari ile ile, kwa kamera aliyoitengeneza mwenyewe, alipiga filme ya ngagi wakiwa wazima ndani ya pori lao.

Alirudi Marekani na wazo moja: kama wawindaji wengine watamufuata kwenye njia ile aliyoifungua, ngagi watakwisha. Hakukaa kimya. Aliwaandikia na kuwaona watu wenye uwezo, pamoja na balozi wa Ubelgiji kule Washington. Bahati ilikuwa kwamba Mufalme Albert wa Ubelgiji alikuwa ametembea Marekani mwaka 1919 na kuona parke za kule kwa macho yake. Tarehe 21 mwezi wa ine 1925, mufalme alitia sahihi. Parke Albert ikazaliwa, ya kwanza ya taifa katika Afrika. Mwanzoni ilikuwa kipande kidogo tu kwenye milima ya ngagi. Mwaka 1929 na katika miaka ya 1930 ilipanuliwa, ikazunguka ziwa Edouard, ikafika mupaka Ruwenzori, upande wetu wa Beni. Tangu 1969 inaitwa Virunga.

Mwaka 1926 Akeley alirudi. Safari hii alikuja na muke wake wa pili, Mary Jobe, na wachoraji, na Mubelgiji mumoja, Jean-Marie Derscheid, wa kusoma mambo ya parke. Lakini mwili ulikuwa umechoka. Homa na kuhara vilimushika njiani, na alipanda mulima akiwa mugonjwa. Alikufa tarehe 17 mwezi wa kumi na moja, pale Kabara, katikati ya Mikeno na Karisimbi, akiwa na miaka 62. Walimuzika pale pale. Muke wake alibaki na kumaliza kazi. Jumba la Afrika aliloliota lilifunguliwa New York tarehe 19 mwezi wa tano 1936, siku ambayo angekuwa anafikisha miaka 72. Wale ngagi watano wangali mule mupaka leo.

Hatuwezi kusimulia ile habari nusu. Ile parke iliamuliwa kati ya New York, Washington na Brussels. Watu wa mulima hawakuulizwa. Mipaka ilipopanuliwa, familia za walimaji na wafugaji zilihamishwa, na wajukuu wao wangali wanazungumuza juu ya ile ardhi. Akeley aliona vizuri uchungu wa ngagi. Uchungu wa jirani wa ngagi hakuuona. Njo maana mupaka leo mulimaji na mulinzi wa parke wanaangaliana kama maadui, wakati wote wawili wanazika watu wao. Walinzi zaidi ya 200 wamekwisha kuuawa kwa kuilinda Virunga.

Lakini hatuwezi kukataa pia kile tunachokiona. Mwaka 1981 walihesabu ngagi 254 tu katika milima ya Virunga. Hesabu iliyotangazwa 2018 ilipata 604. Na karibu na Butembo, kwenye mulima Tshiaberimu, kuko kikundi kidogo cha ngagi wa aina ingine. Wangali wanaishi, lakini wanahesabiwa kwa vidole.

Sisi wa Mabalako tunajua kuchimba. Filo ikiisha, PDG anakusanya vijana wake, wanahamia kilima kingine. Na pale wanapohamia, mitego inawafuata, sababu watu wa shimo wanataka mboga, na nyama ya pori ndiyo inafika haraka. Tumekula ile nyama, hatusemi kama vile sisi ni watakatifu. Lakini nyama wa pori si filo. Akikwisha hapa, hatuna kilima kingine cha kumutafuta.

Akeley alikuwa amekwisha kuua sana mbele ya kuelewa vile. Alielewa akiwa na miaka 57, wakati ngagi walikuwa wangali pale. Wawindaji wetu wanajua kuliko sisi wote ni nyama gani hawaonekani tena kwenye njia za babu zao. Siku kutakuwa mukutano mwingine juu ya mipaka ya pori, wao njo wakae mbele na wasikilizwe, ile ambayo mwaka 1925 haikufanyika.