Jenerali Baimungi: Shujaa Aliyerudi Msituni

Miongoni mwa mashujaa wa Meru waliopigania uhuru wa Kenya, jina la Jenerali Baimungi Marete halina budi kutajwa. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru wengi waliingia misituni. Baimungi aliongoza wapiganaji wa Mau Mau katika msitu wa Mlima Kenya, upande wa Meru. Dedan Kimathi aliponyongwa mnamo Februari 1957, yeye hakuweka silaha chini.

Kenya ilipopata uhuru mnamo Desemba 1963, Baimungi na Musa Mwariama walitoka msituni pamoja na wafuasi wao. Walitarajia ardhi iliyonyakuliwa na walowezi irejeshwe bila malipo, ilhali serikali mpya ilitaka inunuliwe. Baimungi hakuridhika, akarudi msituni. Mnamo Januari 1965 aliuawa na vikosi vya usalama vya nchi ile ile aliyoipigania. Mwariama aliishi hadi mwaka 1989.

Wahenga walinena kuwa shukrani ya punda ni mateke. Mau Mau ilipoondolewa marufuku mwaka 2003, miaka 38 ilikuwa imepita tangu Baimungi auawe.