Bwana Mumford wa Malangali

Jina la Malangali twalijua sote katika nchi ya Iringa, lakini William Bryant Mumford, Mwingereza aliyeianzisha shule ile mwaka 1928, amesahauliwa. Alitaka vijana wa Kihehe, Kibena na Kisangu wasome pasipo kutupa mila zao, hata akawaita wazee wafundishe shuleni. Siku zile shule za serikali zilianza kwa Kiswahili, Kiingereza kikaja baadaye. Waafrika wengi walikitaka mapema, maana ndicho kilichofungua mlango wa ukarani, nasi hatuwalaumu. Mwaka 1935 Mumford alizuru makoloni ya Wafaransa, Afrika ya Magharibi, akaona watoto wakianza moja kwa moja na Kifaransa. Akaandika kitabu, kikatoka 1937. Malangali sasa ni sekondari, na masomo hufundishwa kwa Kiingereza.